Wastani wa Barabara ya Kathiani

Mshale wa mafuta katika gari langu la kwanza ulikufa ukiwa umesimama katikati. Tanki likijaa, ulionyesha nusu. Tanki likikauka, ulionyesha nusu. Aliyeniuzia gari alinieleza jambo hilo waziwazi kabla hatujaandikiana, nami nikamjibu kwa kiburi cha mwalimu wa hesabu kwamba sikuuhitaji mshale, kwa kuwa nilijua kugawanya. Siku hizi nalikumbuka jibu hilo kwa wepesi kuliko ninavyoikumbuka sauti ya mama yangu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilifundisha katika shule ya sekondari pembezoni mwa mji wa Machakos. Mama, ambaye tulimwita Mwaitu kama Wakamba tunavyowaita mama zetu, aliishi peke yake juu milimani, mbele kidogo ya soko la Kathiani, kwenye shamba la mahindi, maharagwe na miparachichi michache ambayo hakuruhusu mtu mwingine aichume. Moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari hakutumia neno jingine. Alisema umechoka, kama anayezungumza juu ya mnyama wa kulimia. Maji yalianza kujaa miguuni, kisha yakapanda mapafuni, na yalipofika mapafuni alihitaji oksijeni ya mtungi, na mtungi ulikuwa katika hospitali ya mjini, kilomita thelathini na moja kutoka mlangoni pake.

"Akianza kukosa pumzi," daktari aliniambia, "usingoje kesho. Mlete saa hiyo hiyo."

Kwa sababu ya agizo hilo nilinunua gari. Lilikuwa dogo, la milango minne, rangi ya chai iliyozidishwa maziwa, na lilikuwa limezunguka nchi hii miaka mingi kabla ya kunifikia. Kazi yake ilikuwa moja: kwenda juu kumchukua Mwaitu na kumfikisha kwenye mtungi kabla pumzi haijamwishia. Mambo mengine yote, soko, kanisa, ziara za jamaa, niliendelea kuyafanya kwa miguu.

Kwa kuwa mshale ulikuwa umekufa, nililazimika kujua jambo ambalo wenye magari wengi mjini petu hawakujisumbua kulijua: lita moja ya petroli ingenifikisha wapi. Njia yenyewe ya kupima niliifikiria kwenye meza ya jikoni. Unajaza tanki mpaka uyaone mafuta yakimeta shingoni. Unaandika namba iliyo kwenye mita ya kilomita. Unasafiri. Ukirudi, unajaza tena mpaka pale pale shingoni, na kiasi kinachoingia mara hii ya pili ndicho ulichokichoma njiani. Unagawanya kilomita kwa lita. Haihitaji mshale, haihitaji kubahatisha. Nilipomaliza kuichora kwenye daftari nilihisi furaha safi ninayoihisi mwanafunzi anapoelewa jambo, na kwa usiku mzima sikuwaza juu ya moyo wa Mwaitu.

Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyekuwa dereva. Alikuwa amejifunza kuendesha kwenye lori la mchanga, lori likauzwa, naye akabaki kwangu bila kazi. Kliniki ya Mwaitu iliangukia siku za kazi, nami sikuweza kuacha madarasa kila mwezi. Kwa hiyo yeye ndiye aliyepanda kumchukua, akamleta, akamrudisha na kushuka tena peke yake. Safari nne za kilomita thelathini na moja: jumla mia moja ishirini na nne. Siku ya kwanza ya kipimo nilikwenda naye kituo cha petroli. Mzee wa pampu alikuwa na kofia ya sufu iliyoshuka mpaka kwenye nyusi.

"Jaza," nilimwambia.

"Ya ngapi?"

"Jaza mpaka nione petroli shingoni."

Alichungulia ndani ya gari, kisha akanitazama. "Madam, kwani mnahamia Sudani?"

Mdogo wangu alicheka. "Weka tu, mzee. Huyu ni mwalimu. Anataka kuona kama petroli yako imesoma hesabu."

"Yangu haikumaliza hata la nne," alisema mzee, akiingiza mrija. "Hapa watu wanaweka ya mia mbili, wanaenda mazishi, wanarudi. Sijawahi ona tanki ikilowa shingo, isipokuwa ya gari ya serikali."

Tulirudi kwake baada ya kliniki. Ziliingia lita kumi na mbili nukta tisa. Niligawanya pale pale, daftari likiwa juu ya boneti: tisa nukta sita. Fundi wangu alikuwa ameniambia, kwa uhakika wa mtu aliyezaliwa chini ya gari, kwamba gari la aina ile huenda kilomita kumi na mbili kwa lita. Nilitoa, nikapata kwamba zaidi ya lita mbili na nusu hazikuwa na maelezo.

"Lita mbili na nusu zimeenda wapi?" nilimuuliza mdogo wangu.

"Milimani, dada. Hiyo barabara inapanda kama ngazi."

"Inapanda ukienda, inashuka ukirudi," nilimwambia. "Kinachopotea ukipanda kinarudi ukishuka. Ndiyo maana ya wastani."

"Petroli hairudi."

"Basi imeenda mahali pengine."

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, aliyekula mezani pangu, aliyevaa shati nililomnunulia, na nilikuwa nimemwambia mbele ya mzee wa pampu, bila kutamka neno lenyewe, kwamba ni mwizi. Mzee aligeuka akaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa kichafu. Njiani kurudi nyumbani niliongeza, kwa sauti ile ninayoitumia darasani nisipopenda kuonekana nimekasirika, kwamba kila mwezi nitapima, na akileta chini ya kumi nitajua.

Mwezi uliofuata alileta kumi nukta saba. Uliofuata, kumi na moja nukta tisa. Mwezi wa nne ziliingia lita kumi kamili, na mia moja ishirini na nne kwa kumi ikatoka safi kama mfano wa kitabuni: kumi na mbili nukta nne. Kutoka hapo namba haikuyumba. Yeye mwenyewe alianza kuifanyia mzaha. Alikuwa akiingia jikoni, anatupa funguo mezani na kusimama wima kama mtahiniwa.

"Mwalimu, leo nimepata ngapi?"

"Kumi na mbili nukta tatu."

"Si hiyo ni A?"

"Ni B ya juu. Kaa ule."

Nilifurahi. Lazima niseme ukweli wote: sikufurahi tu kwa ajili ya petroli. Nilifurahi kwa kuwa niliamini nimemrekebisha ndugu yangu kwa hesabu peke yake, bila kelele, bila kumpeleka kwa wajomba. Niliwahi hata kuwasimulia walimu wenzangu kisa hicho, bila kusema ni nani, wakati wa chai. Mstari wa mwezi ule wa kwanza, wenye tisa nukta sita, niliuzungushia duara la wino mwekundu katika daftari na kuandika kando: *mafuta yaliibwa*.

Baada ya miezi kumi hivi alipata kazi kiwandani, huko Mavoko, akahamia huko. Siku ya kuondoka alinikabidhi funguo na kusema kitu ambacho nilikichukua kuwa mzaha mwingine: "Dada, sasa utaona vile hiyo mtihani ni ngumu."

Nikaanza kuendesha mwenyewe. Mwalimu mkuu aliniruhusu siku moja kwa mwezi. Niliendesha kama nilivyofundishwa: ukishuka mlima, gia ya pili, injini ikinguruma, mguu karibu na breki. Kipimo changu cha kwanza kilikuwa tisa nukta saba. Cha pili, tisa nukta nne.

Mtu mwingine yeyote angesimama hapo. Mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza angeniambia kwamba namba tatu zinazofanana haziwezi zote kuwa bahati mbaya. Lakini mimi nilikuwa na namba saba nzuri upande mmoja na mbili mbaya upande mwingine, na nilikuwa nimeshaupenda ule wastani. Nilijiambia kwamba mara hizo mbili mfanyakazi mgeni wa pampu hakujaza kwa usawa. Nilijiambia kwamba mimi bado mgeni wa klachi. Nikazungushia namba zangu mbili duara jekundu, nikaandika kando: *kosa la kupima*. Kisha nikaendelea kuamini kumi na mbili nukta nne, kama mtu anavyomwamini shahidi anayesema yale anayotaka kuyasikia.

Wiki moja tanki lilianza kuvuja kwenye mshono. Fundi alilitoa, akalikausha, akalibandika kiraka, akaniomba nisilijaze kwa siku chache mpaka aone kama kiraka kimeshika. "Weka kidogo tu, mwalimu, ya kutembea." Nilikaa chini nikahesabu hiyo ya kutembea ilikuwa kiasi gani. Kwenda kwa Mwaitu na kurudi ni kilomita sitini na mbili. Gawanya kwa kumi na mbili nukta nne: lita tano. Nikaongeza lita moja, ambayo moyoni niliiita lita ya Mungu. Nilizipima lita sita kwa jagi lenye alama nililoliazima katika maabara ya shule, moja moja, nikiwa nimeinama mpaka jicho likawa sawa na mstari. Fundi alisimama ananitazama. Aliniambia hajaona mtu akiwekea gari petroli kama anampa mtoto dawa.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Saa tatu asubuhi nilikuwa nikisahihisha madaftari barazani, nikamwona jirani wa Mwaitu akifungua lango, mwanamke wa rika langu tuliyesoma naye shule ya msingi. Alikuwa ameteremka mjini na gari la kwanza la abiria. Hakunisalimu.

"Mwalimu, mama hapumui vizuri. Tangu alfajiri amekaa kitandani ameshika ukuta."

"Kwa nini hamkumpandisha hilo gari ulilokuja nalo?"

"Tulimwambia. Alikataa. Alisema asibanwe na magunia ya watu. Alisema, 'Binti yangu ako na gari. Mwiteni.'"

Tuliingia garini. Kituo cha petroli kilikuwa upande wa kulia wa barabara, mzee wa kofia ya sufu akiwa amekaa kwenye kiti chake, na mbele ya pampu palikuwa na magari mawili yakingoja. Nilipunguza mwendo. Nilisema kwa sauti, si kwa jirani hasa, "Sita mara kumi na mbili nukta nne ni sabini na nne. Tunahitaji sitini na mbili. Tuna akiba ya kilomita kumi na mbili."

"Mimi sijui hizo," jirani alisema. "Wewe endesha."

Nikapita.

Mwaitu alikuwa mlangoni tulipofika, amekalishwa juu ya kigoda, amevaa gauni la kanisani na leso safi kichwani, kiondo chake magotini. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Alijaribu kusimama ili asibebwe, akashindwa, tukambeba. Tulimweka kiti cha nyuma, amemwegemea jirani, madirisha yote wazi. Kila pumzi yake ilikuwa na sauti ya mtu anayevuta kamba ndefu kisimani.

Katika soko la Kathiani palikuwa na mtu aliyeuza petroli kwa jerikeni, nyuma ya duka la misumari na mabati. Naiona hata sasa ile safu ya jerikeni za manjano kwenye jua. Nilihesabu: dakika moja ya kuita, moja ya kutafuta mpira wa kunyonyea, mbili za kumimina. Dakika nne. Nikatazama kioo, nikamwona Mwaitu amefumba macho, na nikaona kwamba dakika nne ni nyingi sana kuzitumia kununua kitu ambacho, kwa mujibu wa daftari, nilikuwa nacho tayari. Nikapita hapo pia. Nikashuka milima yote ile kwa gia ya pili, kwa uangalifu, injini ikinguruma na kunywa.

Anayeijua barabara ile ataukumbuka mwinuko wa mwisho kabla ya mji. Si mrefu, ni kama mwendo wa kwaya inayotoka kanisani hadi kaburini. Ukiufika juu, barabara yote inayobaki ni mteremko, na mji unauona chini umetandazwa kama nguo za kuanika. Tulikuwa tumefika kwenye theluthi yake ya kwanza gari lilipokohoa. Likakohoa tena. Nilijua kabla halijasimama. Nilitazama mita: tangu nyumbani kwangu tulikuwa tumekwenda kilomita hamsini na saba. Mshale, kama kawaida yake, ulionyesha nusu.

Nilivuta breki ya mkono. Kukawa na kimya, na ndani ya kimya hicho pumzi ya Mwaitu ikasikika kubwa kuliko zamani.

"Ni mafuta?" aliuliza.

"Hapana, Mwaitu. Ni kidogo tu. Tunaondoka sasa hivi."

"Usinidanganye. Huo mshale ni mwongo. Ndugu yako aliniambia." Alivuta pumzi. "Yeye angezima."

"Angezima nini?"

"Gari." Alitabasamu, au midomo ilijaribu. "Pale juu, tukipita kanisa. Anazima, anatoa gia. Tunashuka kimya mpaka darajani. Halafu kule kwingine tena. Nasikia ndege." Alipumzika kidogo. "Nilikuwa namwambia tunapaa."

Jirani aliinamisha kichwa. "Hata mimi nilipanda naye siku moja," alisema polepole. "Nilishika mlango mpaka vidole vikauma. Nikamwambia, utatuua kwa sababu ya petroli ya dada yako. Akaniambia si petroli, ni alama."

"Alisema," Mwaitu akamalizia, "'Usimwambie mwalimu. Atanipunguzia.'"

Hivyo ndivyo nilivyoelezwa, kando ya barabara, maana ya kumi na mbili nukta nne. Nilikuwa nimemwambia ndugu yangu kwamba kinachopotea ukipanda hurudi ukishuka, naye, akiwa hana njia nyingine ya kuthibitisha kwamba si mwizi, akaenda akakirudisha. Alikirudisha kwa mikono yake, kwa gari lisilo na injini kwenye kona za milimani, breki zikiwa nzito kama jiwe, mama yetu akiwa nyuma. Kila mwezi aliniletea namba niliyoidai, nami nikaiandika kwa wino wa buluu.

Nilitoka nikasimama katikati ya barabara. Lori moja lilipita, lakini lilikuwa likielekea juu, na dereva akatoa mkono nje kuonyesha kwamba lori limejaa. Juu ya barabara, shambani, wanawake wa mwethya walikuwa wakichimba matuta, kikundi cha kina mama kumi na wawili au zaidi wanaolimiana mashamba kwa zamu. Jirani aliwapigia kelele kwa Kikamba. Waliacha majembe yakiwa yamesimama udongoni na wakateremka mbio, udongo mpaka magotini.

"Ni nini? Mafuta imeisha?" mmoja alisema akichungulia. "Na mwalimu mzima?"

"Funga mdomo usukume," mwingine akamwambia. "Huoni kuna mgonjwa?"

Walisukuma. Aliyekuwa mkubwa wao alianzisha wito wao wa kuchimbia, na kwa kila mwitikio gari lilisogea hatua moja, kisha likataka kurudi, kisha likasogea tena. Jirani alibaki nyuma ameshika kichwa cha Mwaitu. Mimi nilishika usukani, na kati ya wito na wito nilikuwa nikiomba, na nilichokiomba sikumbuki, ila nakumbuka kwamba katikati ya maombi niliendelea kuhesabu: hamsini na saba gawanya kwa sita. Akili yangu ilikataa kuacha. Tulisimama mara tatu wapumue. Mmoja alitapika kando ya barabara, akajifuta kwa kanga, akarudi kusukuma. Nilipotazama saa baadaye niliona tulitumia karibu nusu saa kwenye mwinuko ule ambao gari lenye mafuta huumaliza kabla hujamaliza sentensi.

Juu kabisa gari lilipata uzito wake lenyewe. Wanawake walibaki nyuma wamesimama, mikono kiunoni. Sikuwashukuru, nilikuwa nimeshaondoka.

Tuliteremka kimya. Sijawahi kabla yake wala baada yake kuendesha gari namna ile. Upepo uliingia madirishani, matairi yalinong'ona kwenye lami, na ndege walisikika kwelikweli, kama Mwaitu alivyosema, kila mmoja peke yake. Nikasema bila kugeuka, "Unasikia, Mwaitu? Tunapaa." Nilisikia sauti ndogo nyuma ambayo niliichukua kuwa jibu. Namba kwenye mita zilikuwa zikigeuka polepole: hamsini na nane, hamsini na tisa. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote kwenye kona na nikaliacha gari liende palipokuwa wazi. Sitini. Sitini na moja. Mteremko ulitufikisha hatua chache kutoka lango la hospitali, na wanaume wawili waliokuwa wamesimama hapo wakatusukuma mpaka ndani.

Muuguzi alikuja na kitanda cha magurudumu. Aliweka vidole viwili kwenye shingo ya Mwaitu, akaviacha hapo muda mrefu, akavihamishia upande wa pili.

"Amekuwa hivi tangu lini?" aliuliza.

Nilimgeukia jirani. Alikuwa bado amekishika kile kichwa mapajani kwa mikono yote miwili. "Nilidhani amelala," alisema. "Alitulia. Nilidhani ni upepo umemsaidia."

Muuguzi alinitazama mimi, akingoja. Mita ilikuwa mbele yangu, sahihi mpaka sehemu ya kumi ya kilomita, nami sikuweza kumwambia ni wapi kati ya hamsini na saba na sitini na mbili mama yangu alikuwa amekoma kupumua.

Ndugu yangu alikuja kutoka Mavoko siku hiyo hiyo. Hatukuzungumza juu ya gari mpaka baada ya mazishi, siku ya tatu, tulipokuwa tumebaki sisi wawili chini ya miparachichi tukiokota matunda ambayo hakuna aliyekuwa akiyataka.

"Ilikuwa na mafuta ngapi?" aliuliza.

"Lita sita."

"Sita inatosha," alisema. "Inatosha na kubaki." Kisha niliona mkono wake ukisimama, parachichi likiwa ndani yake. "Ulishuka na injini?"

"Ndiyo."

Alikaa chini kwenye udongo. Nilimwambia kwamba kosa ni langu, kwamba namba ziliniambia mara tatu nami nikazikataa mara tatu, kwamba yeye hakufanya ila nilichomlazimisha. Nilimwambia yote hayo kwa mpangilio mzuri. Alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akisimama jikoni kungoja alama zake.

"Ile ya kwanza ilikuwa ya kweli, dada," alisema. "Tisa. Mimi sikuchukua hata tone. Ungeniamini ile siku, hungehitaji kitu kingine."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira. Aliinuka, akaliweka parachichi kwenye kiondo cha Mwaitu, akaenda kumwaga maji ya kunawa.

Huja Krismasi, huleta sukari na majani ya chai, huwauliza wanangu habari za shule. Hajawahi tena kupanda gari ninaloliendesha. Tukiwa na safari moja, hutangulia na basi, nami namkuta amefika, amekaa kando. Hajaniita mwalimu tangu siku ile.

Lile gari nililiuza, mshale ukiwa bado unaonyesha nusu. Daftari ninalo. Wiki tatu baada ya mazishi nililifungua na kuujaza mstari wa mwisho kwa sababu sikuweza kuuacha wazi: kilomita hamsini na saba, lita sita. Tisa nukta tano. Nilitazama juu ya ukurasa, kwenye ile tisa nukta sita ya ndugu yangu na yale maneno mawili niliyoyaandika kando yake. Nilijaribu kuyafuta. Wino mwekundu ulitapakaa, karatasi ikatoboka, na sasa pana tundu mahali pale, lakini ukilishika daftari kwenye mwanga duara bado linaonekana.